Nimehamisha wingu la nyumbani kutoka CentOS 7 kwenda Debian 12

CentOS 7, mfumo endeshi wa Linux ulioendesha seva yangu ya nyumbani, ilitoka mwaka 2014, na kwa miaka mingi ilijulikana kwamba tarehe 30 Juni 2024 ndiyo siku yake ya mwisho kupata marekebisho ya usalama. Kwa hiyo siwezi kudai kwamba nilishtukizwa. Walioshtukizwa ni wa CentOS 8: Desemba 2020 ilitangazwa kwamba toleo lao, lililotarajiwa kufika 2029, lingefungwa mwisho wa 2021. Mimi wakati huo nilikuwa bado sijapanda kwenda 8, nikakaa palepale kwenye 7, na kwa mara ya kwanza maishani uvivu ukanilipa.

Seva yenyewe si kitu cha kutisha. Ni kompyuta ya mezani iliyostaafu kazi yake ya kwanza, ina SSD ndogo ya mfumo na diski mbili kubwa za data zilizofungwa pamoja kwa RAID 1, yaani kila kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa na kwenye nyingine. Juu yake kuna Nextcloud, programu ya kuhifadhi na kushirikisha faili kwenye seva yako mwenyewe: picha za simu za watu wote nyumbani, kalenda, majina na namba za simu, stakabadhi zilizoskaniwa, na folda ya mume wangu iitwayo MUHIMU SANA ambayo sijawahi kuifungua na wala sina hamu. Watumiaji ni mimi, yeye, watoto wawili ambao sasa ni wakubwa, na mama mkwe. Huyo wa mwisho ndiye mteja mgumu kuliko wote, kwa sababu yeye hutambua picha moja ikikosekana.

Kwa kazi mimi ni mhasibu. Nalisema hilo kwa sababu linaeleza jinsi nilivyoifanya shughuli nzima. Fundi akimaliza kuhamisha seva huuliza, inafanya kazi? Mhasibu huuliza kama salio la kufungia vitabu vya zamani linalingana na salio la kufungulia vitabu vipya. Seva inaweza ikawaka, ukurasa ukafunguka, kila mtu akaingia vizuri, na bado pakawa na kitu kimepotea ambacho hutakijua mpaka siku utakapokihitaji.

Basi kabla ya kugusa waya wowote nilikaa nikajiuliza: humu ndani ni nini hasa ambacho nikikipoteza hakuna mtu duniani anayeweza kunirudishia? Apache, programu inayotoa kurasa za wavuti, inapakuliwa. PHP, lugha iliyoandikiwa Nextcloud, inapakuliwa. Redis ya kumbukumbu ya muda, hata msimbo wa Nextcloud wenyewe, vyote viko kwenye intaneti vinaningoja. Changu ni vitu vitatu tu: faili za watu zilizoko kwenye zile diski mbili, hifadhidata inayosema faili ipi ni ya nani na nani kamshirikisha nani, na faili moja ndogo ya maandishi iitwayo `config.php`.

Hiyo ya tatu watu huidharau kwa sababu ni mistari michache. Lakini ndani yake mna `instanceid`, ambayo ndiyo jina la folda ya ndani ya Nextcloud inakohifadhiwa mihtasari ya picha na mengineyo, na mna `secret`, ambayo hutumika kuficha nywila zilizohifadhiwa na kuzitambua tokeni za simu na kompyuta zilizoruhusiwa kuingia. Ukianza na `secret` mpya, kila kifaa kinatolewa nje na kuombwa kuingia upya. Kwa nyumba yenye mama mkwe aliyeandikiwa nywila yake kwenye karatasi ambayo haijulikani iliko, hilo peke yake lilitosha kunifanya nikinakili kile kifaili mahali patatu.

Ziko njia za kubadilisha mfumo bila kuubomoa. Watu wa AlmaLinux wana chombo kiitwacho ELevate kinachoipandisha CentOS 7 ngazi kwa ngazi hadi kwenye matoleo mapya ya ukoo uleule wa Red Hat, kampuni iliyo nyuma ya CentOS. Ni kazi nzuri, na mwenye mashine nyingi za kazini nadhani aiangalie kwanza. Kwangu haikufaa. CentOS 7 ilikuja na PHP 5.4 na MariaDB 5.5 (programu ya hifadhidata), na Nextcloud ya leo inataka PHP 8. Kwa hiyo kwa miaka seva yangu iliishi kwa kuazima, PHP kutoka hazina ya nje iitwayo Remi, MariaDB kutoka kwa MariaDB wenyewe, na chini yake kerneli (kiini cha mfumo) 3.10 ya mwaka 2013 ambayo Red Hat waliendelea kuishonea viraka. Kuupandisha mfumo wa namna hiyo ni kuhama pamoja na madeni. Debian 12, mfumo wa Linux wa ukoo mwingine uliotoka tarehe 10 Juni 2023, ina PHP 8.2 na MariaDB 10.11 humohumo ndani mwake, na ina matengenezo ya muda mrefu hadi Juni 2028. Kila kitu kutoka kwa muuzaji mmoja, ankara moja. Hapo ndipo nilipoamua.

Nilijiwekea sharti moja: toleo la Nextcloud lisibadilike. Nilikuwa na 28, ambayo inakubali PHP kuanzia 8.0 hadi 8.3, kwa hiyo ingesimama kwenye mfumo wa zamani na kwenye mpya bila kulalamika. Toleo la 29 lilikuwa limeshatoka Aprili 2024 na ukurasa wa usimamizi ulikuwa unanikumbusha kila nikiingia. Nikauacha ukumbushe. Ukibadilisha mfumo na programu kwa wakati mmoja, kikiharibika kitu hujui umlaumu nani.

Maandalizi nayapitia haraka, maana hayana hadithi. Bekapu kamili kwenye diski ya nje, kisha kuchukua folda kadhaa kutoka kwenye bekapu hiyo na kuzifungua kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha zinafunguka kweli. (RAID si bekapu. Ukifuta faili, RAID inaifuta kwenye diski zote mbili kwa uaminifu mkubwa.) Kupakua ISO (faili ya kusakinishia) ya Debian, kulinganisha SHA512 yake, yaani alama ya kuitambua faili, na ile iliyotolewa na wenyewe, kuiandika kwenye flashi. Nilinunua SSD mpya ya mfumo badala ya kufuta ya zamani, ili kama mambo yangenishinda usiku, nizime, nirudishe SSD ya zamani, niwashe, na asubuhi watu wakute wingu lao kama walivyoliacha.

Usiku wenyewe ulianza kwa kufunga vitabu. `occ maintenance:mode --on` (`occ` ni chombo cha amri cha Nextcloud), na kuanzia hapo hakuna simu inayoweza kupandisha wala kufuta kitu. Nikachukua hesabu kwenye hifadhidata: mistari mingapi ipo kwenye `oc_filecache`, mingapi kwenye `oc_share`, mingapi kwenye `oc_calendarobjects`, `oc_cards`, `oc_users`. Nikaandika kwa kalamu kwenye daftari. Ndiyo, kalamu. Kisha `mysqldump`, inayomwaga hifadhidata nzima kwenye faili moja (dampo), yenye `--single-transaction` na `--default-character-set=utf8mb4` (usimbaji wa maandishi unaobeba hata emoji), nikainakili pamoja na `config.php`, folda ya vyeti vya HTTPS `/etc/letsencrypt` na funguo za SSH za seva kwenye diski ya nje.

Kuna mtu ataniuliza kwa nini nisihesabu faili kwenye diski halafu nilinganishe na hifadhidata. Kwa sababu hazitalingana hata siku ambayo kila kitu ni kizima. `oc_filecache` inahesabu na folda, wakati kwenye diski kuna vitu ambavyo si vya mtu yeyote na Nextcloud haiviorodheshi, kama logi yake yenyewe. Linganisha jedwali na jedwali lilelile, diski na diski ileile.

Nikazima, nikafungua kasha, nikatoa SSD ya zamani, nikaweka mpya. Halafu nikachomoa nyaya za diski zote mbili za data. Hili nalipendekeza kwa kila mtu, hata anayejiamini. Programu ya kusakinisha mfumo itakuuliza ni diski ipi ifutwe, na saa tano usiku majina `sda`, `sdb` na `sdc` yanafanana sana. Diski ambayo haina waya haiwezi kufutwa na mtu yeyote.

Kusakinisha Debian hakuna cha kusimulia. Tangu toleo la 12 ISO ya kawaida inakuja na firmware isiyo huria, yaani programu ndogo za ndani za vifaa, ndani yake, kwa hiyo kadi ya mtandao ilitambuliwa palepale. Anwani ya ndani hutolewa na ruta kwa kufuata namba ya kadi ya mtandao, na kadi ni ileile, basi seva ilipata anwani yake ya siku zote bila mimi kuandika kitu.

Nikazima tena, nikarudisha nyaya za diski, nikawasha. `cat /proc/mdstat` ikanionyesha zile herufi mbili nilizokuwa nazisubiri, `[UU]`, diski zote mbili nzima. Maelezo ya RAID yameandikwa kwenye diski zenyewe, kwa hiyo mfumo mpya, ukiwa na programu ya `mdadm`, uliyasoma bila kuambiwa na mtu. Iliitwa `md127` badala ya `md0` ya zamani, jambo ambalo huwatia watu hofu bure. Ndiyo maana kwenye `fstab`, orodha ya diski za kupachika, huandikwa UUID (namba ya utambulisho isiyobadilika) badala ya jina. Nikaipachika kwanza kwa kusoma tu, `mount -o ro`, nichungulie.

Nilichokiona ndicho kilichonifanya niandike makala hii. Niliandika `ls -l /srv/wingu/data`, na mahali ambapo siku zote paliandikwa `apache apache` sasa palikuwa na `48 48`.

Diski haijui jina la mtu. Inajua namba. Jina linatoka kwenye `/etc/passwd` ya mfumo unaosoma, na kwenye CentOS mtumiaji `apache` ni namba 48. Kwenye Debian kazi hiyohiyo inafanywa na `www-data`, ambaye ni namba 33, na 48 hakuna mtu anayeitwa hivyo, kwa hiyo `ls` inakuonyesha namba tupu. Maana yake ni kwamba picha zetu zote, za miaka yote, zilikuwa mali ya mtu ambaye kwenye mfumo huu hayupo.

Miongozo mingi inakwambia hapa upige `chown -R www-data:www-data`, yaani ubadilishe mmiliki wa kila kitu, na uendelee na maisha. Itafanya kazi. Lakini hiyo ni sawa na kufungia hesabu zisizolingana kwenye akaunti ya "mengineyo". Mimi nilitumia hii:

`chown -R --from=48:48 33:33 /srv/wingu/data`

Hiyo `--from` inasema: badilisha mmiliki pale tu ambapo mmiliki wa sasa ni 48. Ina faida mbili. Ya kwanza, inarudishika. Kama ningelazimika kurudi kwenye SSD ya zamani, ningegeuza namba na kila kitu kingekuwa kama kilivyokuwa. Ya pili ni kwamba haifagii kila kitu. Vile visivyokuwa vya 48 vinabaki wazi, na unaweza kuviuliza mmoja mmoja vilifikaje hapo. Nayo haigusi tarehe ya kubadilishwa kwa faili, kwa hiyo Nextcloud haidhani kwamba faili zote ni mpya na kuzifanya simu zipakue upya kila kitu.

Ilichukua muda. Ilipomaliza nikauliza nani kabaki: `find /srv/wingu/data ! -user www-data`. Nilitarajia ukimya. Ikatoka folda moja ndefu, ndani ya akaunti ya mume wangu, mmiliki 1001.

Kwenye mfumo wa zamani 1001 ilikuwa akaunti ya kijana wetu. Nikakumbuka kwamba ndiye aliyehamisha picha za laptop ya zamani ya baba yake moja kwa moja kwenye diski, bila kupitia Nextcloud. Folda ilisomeka na kila mtu, kwa hiyo Nextcloud iliionyesha vizuri. Lakini haikuwa na ruhusa ya kuandika humo. Na kufuta faili ni kuandika kwenye folda yake. Tangu hapo mume wangu amekuwa akilalamika kwamba kuna picha "hazifutiki", nami nimekuwa nikimjibu kwamba pengine habonyezi vizuri.

Alikuwa bado hajalala. Nikamwita.

"Zile picha zako zisizofutika nimezipata."

"Si nilikwambia?"

"Uliniambia."

Hakusema zaidi, na sura yake ilisema yote. Kama ningepiga ile `chown` ya jumla, tatizo lingekwisha vilevile, ila nisingejua kamwe kwamba lilikuwepo, na yeye angeendelea kuhesabika mtu asiyejua kubonyeza.

Jambo la pili lililohitaji umakini ni njia ya folda. Kila mwongozo wa Debian unakuelekeza uweke data chini ya `/var/www/nextcloud/data`. Mimi nilibaki na `/srv/wingu/data` kama ilivyokuwa, herufi kwa herufi. Kwenye hifadhidata kuna jedwali liitwalo `oc_storages`, na humo hifadhi kuu imeandikwa kwa njia yake kamili, `local::/srv/wingu/data/`. Kila mtumiaji ana mstari wake unaoanza na `home::` na jina lake, huo haujali njia. Lakini ule wa kwanza unajali. Ukibadilisha njia kwenye `config.php` pekee, Nextcloud inafungua mstari mpya kwa mahali inapopaona pageni, na rekodi za zamani za hifadhi hiyo zinabaki zikining'inia kwenye mstari ambao hautumiki tena. Inarekebishika kwa mkono. Lakini kwa nini ujitafutie?

Kisha hifadhidata. Nikaunda MariaDB mpya, mtumiaji, ruhusa, nikamwaga ile dampo ndani. Mstari wa kwanza kabisa ukakataa:

`ERROR at line 1: Unknown command '\-'.`

Nikafungua dampo kwa `head -1` na nikakuta hii: `/*!999999\- enable the sandbox mode */`. Hiyo ni habari ya Mei 2024. Programu ya mteja ya MariaDB ina uwezo wa kuendesha amri za mfumo kutoka ndani yake, na mtu mbaya angeweza kupachika amri hizo ndani ya dampo, zikaendeshwa kwako unapolirudisha. MariaDB walifunga mlango huo kwa kuifanya `mysqldump` iandike mstari huo mwanzoni, unaomwambia mteja asitoke nje ya uzio wakati wa kusoma yaliyobaki. Mteja mpya anauelewa. Mteja wa zamani kidogo anausoma kama amri asiyoijua, anagoma. Na hapa ndipo kichekesho: mfumo wangu wa zamani, kwa kuwa ulichukua MariaDB kwa wenyewe, ulikuwa na `mysqldump` mpya kuliko mteja aliyekuja na Debian wakati huo. Mzee alimpita kijana. Dampo nilikuwa nimelitengeneza mwenyewe, sikuwa na sababu ya kulishuku, kwa hiyo nilikata mstari ule kwa `tail -n +2` na kila kitu kikaingia.

Nikafungua daftari. `oc_filecache`, sawa. `oc_share`, sawa. Kalenda, majina, watumiaji, sawa. Lakini idadi ikilingana haisemi kwamba maandishi yako salama, hilo hata kazini nalijua. Binti yangu ana folda ambayo jina lake lote ni nyuso za kucheka kwa machozi. Nikaitafuta kwenye jedwali. Nyuso zilikuwepo, zote zinacheka. Bila ile `utf8mb4`, pangeweza kuwa na alama za kuuliza mahali pao, na idadi ya mistari ingekuwa ileile.

Msimbo wa Nextcloud niliupakua upya, toleo lilelile hadi namba ya mwisho, badala ya kunakili wa zamani. Programu za nyongeza, kalenda na majina, nikazirudisha kwenye folda ya `apps`. Data yao iko kwenye hifadhidata, kwa hiyo zilikuta kila kitu mahali pake. Kisha nikaendesha `occ integrity:check-core`, ambayo hulinganisha kila faili ya msimbo na sahihi ya watengenezaji. Ni ukaguzi wa bure na sielewi kwa nini watu hawautumii. Kabla ya hapo `occ` yenyewe ilikuwa imegoma kidogo ikisema haioni APCu, kumbukumbu ya muda ya PHP. Kwenye terminali APCu huwa imezimwa mpaka uandike `apc.enable_cli=1` kwenye mipangilio ya PHP ya terminali, ambayo Debian huitenga na ile ya Apache. Mstari mmoja, ikatulia.

Apache ya Debian ina desturi zake. Kule tulikuwa na `httpd` na `conf.d`, huku kuna `apache2`, `sites-available` na `a2ensite`. Sikunakili faili ya zamani. Niliiandika upya nikiwa na ya zamani pembeni, na nusu ya mistari yake nikagundua haina kazi tena. SELinux, mlinzi wa ndani wa mfumo, pia imebaki kule, huku kuna AppArmor inayofanya kazi kama hiyo. Sikuililia SELinux, ingawa namheshimu aliyeibuni.

Cheti cha HTTPS ndicho kitu kinachoweza kukudanganya vizuri kuliko vyote. Ndani ya `/etc/letsencrypt`, folda ya `live` haina vyeti. Ina viungo vinavyoelekeza kwenye folda ya `archive`. Ukinakili kwa njia isiyotunza viungo, kama vile kuburuta hadi kwenye flashi, vinageuka kuwa faili kamili. Apache itavisoma bila shida. Kufuli itaonekana kwenye kivinjari, utafurahi. Ila vyeti vya Let's Encrypt huishi siku 90, na siku ya kuvihuisha certbot, programu inayofanya kazi hiyo, itakataa kwa sababu ilitarajia viungo na imekuta faili. Kufikia hapo umeshasahau kwamba uliwahi kuhamisha kitu. Mimi niliifunga folda nzima kwa `tar`, na kabla ya kulala nikapiga `certbot renew --dry-run` niione ikipita.

`maintenance:mode --off`. Simu yangu ikaendelea kupandisha picha bila kuniuliza nywila. Laptop haikupakua chochote upya. Amri ya `maintenance:data-fingerprint`, ambayo miongozo mingine inaitaja kila panapohusika kurejesha, sikuiendesha. Hiyo ni ya mtu aliyerejesha bekapu ya zamani na kupoteza mabadiliko ya katikati, ili simu na kompyuta zisifute faili ambazo seva haizijui. Mimi sikupoteza kitu katikati.

Asubuhi nilimpigia mama mkwe kumwambia kazi imekwisha.

"Shikamoo mama. Lile wingu tayari, unaweza kuangalia picha zako."

"Marahaba mwanangu. Kwani mlikuwa mmeshalifunga? Mbona mimi nimeangalia tangu alfajiri."

"Na zipo zote?"

"Zipo. Ila ile ya harusi mmeiweka kichwa chini."

Ile ya harusi imekuwa kichwa chini tangu ilipoingia. Nikamwambia nitaigeuza.

Kilichobaki ni vile vitu vinavyofanya kazi kimyakimya. Nextcloud hutegemea `cron.php` iendeshwe kila dakika tano, na ratiba hiyo haimo kwenye faili, wala kwenye hifadhidata, wala kwenye `config.php`. Ilikuwa kwenye crontab (ratiba ya kazi za kujiendesha) ya mtumiaji `apache`, ambaye, kama tulivyoona, hayupo tena. Usipoirudisha hakuna kinachovunjika. Takataka tu hazimwagwi, na taarifa zinachelewa. Ukurasa wa usimamizi unaonyesha mara ya mwisho kazi za nyuma zilipoendeshwa, na huo mstari ndio ninaouangalia kwanza sasa. Nikaiweka kwenye crontab ya `www-data`. Ratiba ya bekapu vilevile, na `smartd` ya kuniandikia barua pepe diski ikianza kuonyesha dalili, zote nilizitoa kwenye orodha niliyoichapisha kutoka mfumo wa zamani kabla ya kuuzima.

Nextcloud 29 niliipandisha baadaye, mfumo ulipokwisha kutulia. Hairuhusu kuruka toleo kubwa, lazima upande moja baada ya jingine, kwa hiyo ukichelewa unajiongezea ngazi. Ilipita bila neno.

SSD ya zamani bado iko kwenye droo, imeandikwa CENTOS kwa kalamu ya wino mzito. Kama njia ya kurudi imeshapoteza maana, kwa sababu hifadhidata yake imepitwa na kila kilichoongezwa tangu usiku ule. Lakini ndani yake mna `config.php` yenye `secret` ileile inayotumika hadi leo, pamoja na nakala ya hifadhidata nzima, kwa hiyo haiendi kwa fundi wala kwa mtoto wa jirani anayetafuta diski. Mwezi huu naichomeka kwenye kompyuta nyingine, napiga `blkdiscard`, amri ya kufuta SSD, juu yake yote, nahakikisha haina kitu, ndipo nitaona kama inafaa kwa kazi nyingine.